Kijiji Kilichosikia Sentensi Moja

Saa tisa mchana Zinaida alipanda ngazi tatu za mbao, akafungua kile kisanduku cheupe cha vipimajoto na kusoma haraka, kabla joto la mwili wake mwenyewe halijaharibu namba. Thelathini na tisa nukta nne. Akaandika. Alipogeuka akamkuta mzee Trofim amesimama nje ya uzio wa kituo na mbuzi wake wawili, akimngoja kama kawaida yake.

"Haya binti, leo serikali imekuruhusu uandike ngapi?"

"Thelathini na tisa na kidogo, mzee."

"Na kidogo!" Trofim akawageukia mbuzi. "Mmesikia nyie? Na kidogo. Kwangu ukutani ni arobaini na sita. Lakini ikifika arobaini si itabidi wawape watu likizo? Ndiyo maana haifiki. Miaka yote inafika hapo mlangoni, inaona aibu, inarudi."

"Kipimajoto chako kinaota jua, mzee. Kile kinapima ukuta, hakipimi hewa. Chetu kinakaa kivulini, ndani ya kisanduku, ili..."

"Mmekifungia sandukuni kisije kikasema ukweli," mzee akamaliza, akawapiga mbuzi mkwaju na kuondoka akicheka.

Miaka sita Zinaida alikuwa akisikia maneno hayo. Hakusoma sana. Alimaliza shule ya kijiji pale Dealu Nucului, akapelekwa kozi ya miezi mitatu mjini kujifunza kusoma vyombo, akarudi kukaa na kisanduku chake pembeni mwa mashamba ya mizabibu. Kazi yake ilikuwa kutuma namba mjini, na tahadhari zikitoka mjini, azipeleke kwa meya zitangazwe kwenye spika iliyofungwa juu ya nguzo mbele ya ukumbi. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama watu wanazielewa tahadhari hizo. Yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza, mpaka mwaka ule alipojifungua Ilinca.

Jioni ile alipofika nyumbani, hewa ya ndani ilimpokea usoni kama mvuke wa chungu. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Mama mkwe wake, Evdochia, alikuwa ameketi kitandani na Ilinca mapajani. Mtoto wa miezi saba, amevaa kofia ya pamba iliyofungwa kamba kidevuni, fulana mbili na soksi za sufu. Mashavu yalikuwa mekundu kama nyanya.

"Mama, jamani! Soksi za sufu, mwezi wa saba?"

"Miguu ndiyo mlango wa ugonjwa."

"Na dirisha?"

"Dirisha nini? Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Ningefungua na dirisha, upepo ungepita katikati, ungemwingia sikioni. Wewe hukumwona mtoto wa Grigore, mdomo umekwenda upande mpaka leo? Upepo wa kupita huo."

"Ule ulikuwa ugonjwa wa mshipa wa fahamu, mama. Daktari alisema."

"Daktari hakuwepo chumbani. Upepo ulikuwepo."

Zinaida akamvua mtoto soksi. Evdochia akamtazama kama mtu anayetazama mwizi akifanya kazi yake mchana kweupe. Pembeni, juu ya kabati, feni ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kusuka kwa mkono, kile cha sikukuu. Zinaida aliinunua kwa mshahara wake wa mwezi wa tano. Haikuwahi kuwashwa hata siku moja, ila wageni walionyeshwa.

Anatol aliingia kutoka shambani, shingo imejaa vumbi la ngano. Alikuwa anaendesha mashine ya kuvuna, na wiki ile walivuna tangu alfajiri mpaka giza. Mke wake akamsogelea.

"Sema na mama yako. Kesho itakuwa mbaya kuliko leo. Mtoto anapikwa humu ndani."

Anatol akanawa uso, akanawa tena, akitumaini labda maneno yatapita. "Mama amelea watano, Zina. Wote tupo."

"Mlilelewa kwenye joto hili?"

"Joto ni joto."

"Si joto hilo hilo! Mimi ndiye ninayeliandika, Anatol. Nina madaftari. Zamani siku kama ya leo ilikuja mara moja kwa kiangazi, watu wakaisimulia mpaka Krismasi. Mwaka huu nimeshaandika kumi na moja, na mwezi haujaisha."

"Haya, haya," akasema Evdochia kwa upole wa kuudhi, akimvisha mtoto soksi upya. "Mwanangu amechoka, mpe chakula. Madaftari hayaliwi."

*

Jumatano asubuhi tahadhari ilifika kutoka mjini: rangi nyekundu, ile ya hatari kubwa kabisa, siku tatu. Zinaida aliisoma akiwa amesimama, kisha akaisoma tena akiwa ameketi. Ilisema kwamba katika kipindi tajwa kutashuhudiwa viwango vya juu vya joto la hewa vitakavyoambatana na ongezeko la usumbufu wa kibayolojia, na kwamba umma unashauriwa kuchukua hatua stahiki.

Akilini akamwona Evdochia akisikia "hatua stahiki" na kwenda kumwongezea Ilinca fulana.

Akachukua karatasi nyingine, akaandika kwa maneno yake. Iliandikika kwa robo saa. Akaipeleka ofisini kwa meya. Haralambie alikuwa mtu mnene mwenye leso shingoni, na alisoma ile karatasi akiwa ameishika mbali kidogo na mwili.

"Hii ni nini?"

"Tahadhari, meya. Nimeirahisisha."

"'Mvue mtoto soksi.'" Akamtazama katibu wake, Lucheria, aliyekuwa tayari anabana kicheko. "Mimi, meya, nitangaze soksi? Kwenye spika ya serikali?"

"Watu hawaelewi ile nyingine."

"Ile nyingine ina muhuri. Watu hawahitaji kuelewa, wanahitaji kujua kwamba tumetangaza." Akajifuta shingo. "Nakuuliza tu, Zinaida, umesomea wapi? Kuna wasomi kule mjini wanakaa na mashine zao wanaandika haya mambo, halafu wewe na kozi yako ya miezi mitatu unawasahihisha?"

Lucheria sasa alicheka waziwazi. Zinaida akahisi masikio yanawaka, lakini hakuondoka.

"Mama yako mzazi ana miaka mingapi, meya?"

"Themanini na mbili. Kwa nini?"

"Alielewa ile ya wiki iliyopita?"

Haralambie akageukia dirishani. Nje, mbwa alikuwa amelala chini ya gari la ofisi, ulimi nje, mbavu zinapanda na kushuka kama mvukuto.

"Isome," akamwambia Lucheria hatimaye. "Isome yote. Lakini useme imetoka kituo cha hali ya hewa, usiseme imetoka kwangu."

*

Saa tano kamili spika ilikohoa. Zinaida alikuwa amesharudi kituoni, lakini alitoka nje ili asikie. Kule juu mlimani kilipo kituo, sauti ya Lucheria ilifika ikiwa nyembamba, neno moja moja.

"Ndugu wanakijiji. Leo mchana fungeni madirisha na mapazia, na mkae ndani."

Lucheria akapumzika kidogo, kama anavyopumzika kwenye matangazo ya vifo. Na katika mapumziko hayo Zinaida akaona jambo lililomjaza furaha. Barabara nzima, nyumba baada ya nyumba, madirisha yakaanza kufungwa. Walioshinda vibarazani wakainuka. Milango ikabamizwa. Akina mama waliita watoto. Hata kwa mzee Trofim pazia lilishuka. Miaka sita, na leo kwa mara ya kwanza watu wa Dealu Nucului walifanya alichowaambia, pale pale, bila ubishi. Machozi yalimlengalenga, si mchezo.

Spika ikaendelea. Watoto wavuliwe kofia na soksi, wapewe maji au titi kila mara. Msiwashe jiko ndani ya nyumba. Wazee wapanguswe kwa kitambaa kilicholowa. Jua likizama, fungueni kila dirisha, pande zote mbili, hewa ipite usiku kucha. Upepo huo hauui mtu. Mtoto akilala sana na kukataa kunyonya, msingoje, mpelekeni hospitali.

Lucheria alisoma yote, neno kwa neno, kama alivyoagizwa. Aliisomea barabara tupu. Kijiji kizima kilikuwa kimetii sentensi ya kwanza, na nyuma ya madirisha yaliyofungwa hakuna aliyesikia ya pili.

*

Saa nane na nusu akapiga simu nyumbani.

"Umefunga, mama?"

"Nimefunga, mwanangu!" Sauti ya Evdochia ilikuwa changamfu, kama ya mtu aliyeshinda kesi. "Nimefunga kila tundu. Mlango nimeuziba na blanketi chini. Umeona sasa? Hata serikali imesema. Mimi nilikuwa nasema hayo hayo, mkaniona mshamba."

Zinaida akacheka kidogo. Siku ile hakutaka ugomvi. "Sawa mama, umeshinda. Unafanya nini?"

"Napika jamu ya aprikoti. Zilikuwa zinaoza, nifanyeje? Nilikuwa nimeshaanza kule kwenye jiko la nje, wakatangaza tukae ndani, basi nikahamishia sufuria humu."

Kicheko kikamkauka Zinaida mdomoni.

"Ndani? Jiko linawaka ndani?"

"Kwani jamu inaiva kwa macho?"

"Ilinca yuko wapi?"

"Amelala. Leo ametulia, mtoto mzuri huyo, amelala tangu saa sita. Hata maziwa niliyompa hakuyataka, aligeuza kichwa tu akaendelea kulala."

"Mama, mwamshe."

"Nimwamshe wa nini, mtoto aliyel..."

"Mwamshe! Mvue nguo zote, mtoe nje kivulini! Sasa hivi!"

"Nje? Kutoka kwenye joto hili mpaka kwenye upepo? Wewe ndiye uliyesema tukae ndani, Zinaida. Nimesikia kwa masikio yangu."

Zinaida hakukata hata simu. Saa tisa alipaswa kusoma vyombo na kutuma. Mlango wa kituo aliuacha wazi. Kilomita moja na nusu kutoka kituoni mpaka nyumbani ni mteremko, na yeye aliukimbia akiwa na viatu vya kazini, na kila nyumba aliyoipita ilikuwa imefungwa kimya kama nyumba ya msiba.

Blanketi lililoziba mlango likakataa kwanza, kisha likateleza. Ndani palikuwa giza, na harufu ya sukari inayochemka ilikaba koo. Evdochia alisimama kando ya sufuria, mwiko mkononi, nywele zimeganda kwenye paji la uso, yeye mwenyewe anayumba. Hakuwa amemwamsha mtoto. Ilinca alikuwa kwenye kitanda chake, kofia imefungwa kidevuni, kinywa wazi. Ngozi ilikuwa ya moto na kavu. Zinaida alipomwinua, kichwa kilianguka nyuma kama cha mwanasesere, na nepi haikuwa na hata tone.

"Ilinca. Ilinca! Mama yuko hapa."

Macho yalifunguka nusu, hayakumtazama.

Alimvua kila kitu mlangoni, akamfunga shuka lililolowa maji ya kisima, akatoka naye barabarani akimpepea kwa mkono. Evdochia alimfuata akilia, kofia mkononi. "Kichwa angalau! Mfunike kichwa!"

Gari la kwanza kutokea lilikuwa la mikate. Dereva alifunga breki, akafungua mlango bila kuuliza kitu, na alipoona kitoto uchi ndani ya shuka lililolowa, akapandisha vioo vyote viwili upesi, kwa huruma.

"Shusha vioo," Zinaida akasema.

"Lakini dada, mtoto amelowa, upepo uta..."

"Shusha vioo!"

Alipiga kelele ambayo hakujua kama anayo. Dereva akashusha, na njia nzima mpaka mjini, kilomita ishirini na mbili, kila baada ya muda alimtupia jicho la pembeni kama anayebeba mwendawazimu.

*

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke mwenye macho mekundu kwa uchovu. Walipokwisha kumwekea Ilinca mrija wa maji mkononi, baada ya kumtafuta mshipa mara tatu, alimvuta Zinaida kwenye korido.

"Huyu ni wa nne tangu asubuhi. Alivaaje?"

"Fulana mbili. Kofia. Soksi."

"Za pamba?"

"Za sufu."

"Chumba kilifungwa?"

"Kilifungwa. Na jiko linawaka."

Daktari akafumba macho kidogo. "Tahadhari zinatolewa kila siku. Redioni, kila mahali. Sijui niwaambie nini tena. Wewe mama, unafanya kazi gani?"

Zinaida alitazama viatu vyake. Angeweza kusema mkulima. "Hali ya hewa," akasema.

Daktari akasubiri kama vile kuna maneno yamebaki, kisha akaelewa kwamba hayakubaki, akaandika kitu kwenye faili.

Alfajiri Ilinca alikojoa. Muuguzi aliita kwa furaha kama mtu aliyeokota pete, na Zinaida akalia juu ya ile nepi mpaka akacheka. Saa tatu mtoto alinyonya. Mchana alimtazama mama yake na kukunja uso kwa hasira, na hasira ile ilikuwa kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kuonyeshwa.

Anatol alikuja na mama yake. Evdochia alisimama mlangoni mwa wodi na mtungi wa jamu umefungwa gazeti, hathubutu kusogea. Alikuwa amezeeka kwa siku moja. Zinaida alikuwa amejiandalia maneno tangu usiku, maneno makali, ya kuvunja. Lakini mama mkwe alimtangulia.

"Nilifanya ulivyosema," akanong'ona. "Kwa mara ya kwanza nilifanya ulivyosema, mwanangu."

Anatol akatazama sakafu. Zinaida akayaacha yale yote aliyoyaandaa. Kwa sababu ilikuwa kweli. Aliandika sentensi saba, na ya kwanza aliichagua yeye, kwa mkono wake, kwa kuwa mchana hutangulia usiku. Hakufikiri kwamba mtu akishafunga dirisha hasikii tena. Jambo dogo kiasi hicho. Hata mtoto wa darasa la pili angeliona.

*

Jumamosi waliruhusiwa. Joto lilikuwa halijapungua. Lami mbele ya ukumbi ilikuwa imelainika, ikashika viatu. Kutoka mjini walimpigia Zinaida simu mara mbili kuuliza ile namba ya saa tisa ya Jumatano iko wapi, na mzee Trofim, alipoambiwa kwamba siku ile kulikuwa na pengo kwenye daftari, alijipiga paja kwa furaha. "Siku hiyo hiyo! Wala sishangai."

Getini mwao wakamkuta jirani, Pelaghia, mwanamke kijana aliyejifungua wiki tatu kabla. Alimbusu Ilinca mguuni, machozi yakamtoka.

"Pole, mama Ilinca. Pole sana, shoga yangu. Upepo ni kitu kibaya."

"Upepo gani?"

"Si ule uliompiga mtoto. Kijiji kizima kinajua. Wanasema ulikuja mbio, ukaacha mlango wazi, na mtoto ametokwa jasho, ukamtoa nje amelowa. Hatukulaumu! Ungejuaje? Ila mimi nilipopata habari nikasema hapana. Nimeziba madirisha yote kwa vitambaa. Hata tundu la ufunguo. Wa kwangu hakuna upepo utakaompata."

Zinaida akamgeukia Evdochia. Bibi alikuwa ameinamia maua yake, akiyang'oa majani ambayo hayakuwa na kosa.

"Mama, ndivyo ulivyowaambia?"

"Niliwaambia ulivyokuja," Evdochia akasema bila kuinua kichwa. "Wao wakamalizia."

Zinaida akampa Anatol mtoto. Akavuka barabara, akaingia kwa Pelaghia, na Pelaghia akimkimbilia nyuma, "Ngoja, funga mlango nyuma yako, jamani, funga!"

Chumba kilikuwa cheusi. Kichanga kilikuwa kwenye susu karibu na ukuta, kimeviringishwa mpaka puani, kimelala. Zinaida akashika kitambaa cha dirishani akivute. Pelaghia akaruka, akasimama mbele ya dirisha, mikono ameitanua kama anayezuia ng'ombe.

"Humfungulii mtoto wangu dirisha! Wa kwako ulimtendea ulivyotaka!"

"Wa kwangu hakupigwa na upepo, Pelaghia. Alipikwa. Nyumba ilifungwa, jiko likawaka, akapikwa pamoja na jamu."

"Nani alimpika? Mama mkwe wako?"

"Mimi. Mimi niliandika vibaya lile tangazo."

"Tangazo lilisema tufunge."

"Lilisema na mengine!"

"Mimi sikusikia mengine," Pelaghia akasema, na kweli, angesikia wapi.

Zinaida akaachia kitambaa. Hakuwa amelala siku tatu. Akavuta kigoda, akaketi kando ya susu, akajilazimisha kushusha sauti.

"Sawa. Liache dirisha. Sitaligusa. Njoo hapa tu, uingize mkono wako nyuma ya shingo yake. Chini ya hilo blanketi. Wewe mwenyewe, si mimi."

Pelaghia akashusha mkono mmoja, akaja kwa hatua ndogo, akaupenyeza mkono nyuma ya shingo ya mwanawe. Uso wake ukabadilika.

"Ana moto," akasema. "Mungu wangu, anawaka."

"Ndiyo," Zinaida akasema. "Ndiyo, shoga. Anawaka. Umeona?"

"Umeshampata!" Pelaghia akapiga kelele, akikimbilia kabatini. "Upepo umeshampata! Nipe lile blanketi lingine, upesi!"

Zinaida akamshika kiganja kabla hajalifikia, akakikaza, akavuta pumzi, na akaanza upya.